Kalavati Tatu kwa Kila Wadi

6 Oktoba 1997, Jumatatu

Leo kamati ya ujenzi imegawa kalavati. Ni yale mabomba ya saruji ya kupitisha mto chini ya barabara, makubwa kiasi cha mbuzi kupita bila kuinama. Yalinunuliwa kwa fungu la barabara, kodi ya mafuta iliyoteremka kutoka Nairobi. Wadi ni tisa, na kila wadi imepata tatu. Sote madiwani tukapiga makofi, nami wa wadi ya Rabuor nikiwemo, Mungu anisamehe.

Aliyegawa ni mwenyekiti wa kamati, Nashon, diwani wa wadi jirani. Ana mkono wa mtu anayegawa nyama ya mahari: hakuna anayeondoka bila kipande, na hakuna anayeshiba. Mwaka juzi tuligawana saruji namna hiyo hiyo. Haikutosha daraja la mtu yeyote, ikaganda maghalani. Mwaka jana tukagawana siku za greda, na greda ikamaliza dizeli yake barabarani ikihama kutoka wadi hadi wadi. Sasa ni kalavati. Kalavati tatu zikipangwa moja baada ya nyingine zinatosha upana wa barabara, lakini huo ni mstari mmoja tu, na mto kama wetu wa Rabuor unahitaji mistari mitatu ndipo maji yapite bila kuibomoa barabara. Kila diwani anajua hilo. Ila hakuna anayetaka kurudi nyumbani mikono mitupu.

Mvua imeanza mapema. Redio inasema mwaka huu itapita kiasi.

9 Oktoba

Kalavati zetu zimeletwa, zikaangushwa kwenye nyasi kando ya mto. Filister akashuka kuzitazama. Filister ni mke mwenzangu, mke wa kwanza wa marehemu Odindo. Ndiye aliyenifundisha Kijaluo nilipoletwa hapa kutoka Kisii, na mpaka leo hunisahihisha mbele za watu. Na mimi huandika kwa Kiswahili kwa sababu Odindo alinitongoza kwa Kiswahili, na Filister hawezi kukisoma.

Alimkuta mbuzi wake amelala ndani ya kalavati. "Serikali imejengea mbuzi," akasema. "Sisi watu tutangoja ya mwaka ujao, nyieka." Nyieka ndivyo wake wenza wanavyoitana hapa. Kwake yeye neno hilo laweza kuwa asali au pilipili, kutegemea ameamkaje.

13 Oktoba

Leo ilikuwa nyoluoro, mzunguko wetu wa akina mama. Kila mmoja analeta chake na wote tunampa mmoja, mwezi ujao mwingine, mpaka wa mwisho apate. Zamu ilikuwa ya Dorine, mkaza mwana wa Filister. Atanunua godoro. Nilikuwa nikimtazama akihesabu noti zake, anacheka, nikajiuliza: kama tungegawana sawasawa kila mwezi, sote tungenunua chumvi na hakuna ambaye angelala kwenye godoro. Wanawake wasiojua kusoma wanalijua hili. Baraza zima, pamoja na karani wake na mhazini wake, halilijui.

16 Oktoba

Nimekutana na Nashon na Barnabas katika hoteli ya chai karibu na ofisi za baraza. Barnabas ni diwani wa wadi ya kilimani, mzee wa kanisa la Sabato, mtu wa maneno machache. Wadi zetu tatu zinapakana, na kila moja ina mto unaoisumbua. Nikawaambia: tuunganishe kalavati zetu, ziwe tisa. Tujenge kivuko kimoja kikamilike. Mgao ujao tujenge cha pili, na unaofuata cha tatu.

Nashon akakoroga chai yake muda mrefu. "Mheshimiwa Mokeira, hiyo maneno ni nzuri. Lakini kura ni Disemba. Mkono mtupu haulambwi. Mimi nikipeana kalavati yangu iende kwa watu wengine, hata bibi yangu hatanipigia kura."

"Kwa hivyo wewe unataka kuanza."

"Nikianza, niko ndani. Nisipoanza, kila mtu akae na zake tatu."

Nilitaka kumwambia kwamba zahanati ya watu wangu iko ng'ambo ya Rabuor, na barabara ya Ndhiwa iko ng'ambo, na ndugu wa nusu ya akina mama wangu wako ng'ambo. Barnabas akanitangulia. "Mwaka jana watoto wawili wa shule walienda na maji kwa Nashon," akasema. "Kwangu na kwako hakuna aliyekufa. Aanze yeye. Halafu wewe. Mimi nitakuwa wa mwisho."

Tukapeana mikono. Nashon anafuata kura, lakini watoto wale walikufa kweli, na kura zake hazifuti hilo.

24 Oktoba

Trekta imechukua kalavati zetu. Watu walisimama wakitazama kana kwamba maiti inatolewa nyumbani. Maxwell, mwenye duka, ambaye atagombea kiti changu, hakuacha nafasi ipite. "Mnaona? Huyu ni nyar Kisii. Hana uchungu na hii mto. Angekuwa mtu wa hapa, angepeana kitu yetu?"

Miaka ishirini na saba nimeishi hapa. Nimezaa hapa, nimezika mume hapa. Leo nimekuwa binti wa Kisii.

Nilimtazama Filister aseme neno. Hakusema. Nyumbani ndipo aliponifuata jikoni. "Nyieka, umewaazima watu chungu na kwetu bado hatujapika." Nikamweleza habari ya zamu, na ya watoto wa shule, na hata ya makofi yangu siku ya mgao. Akasikiliza, akasema nyoluoro ni ya wanawake, wanaume hawaiwezi, akila mmoja anasahau. Kisha akaniachia bakuli la uji na kwenda zake. Nilikasirika nikaunywa wote.

30 Oktoba

Mvua.

4 Novemba

Mvua. Mahindi ya Dorine yameanza kuchipua yakiwa bado kwenye mabua.

15 Novemba

Kivuko cha Nashon kimekamilika. Nilikwenda kwa mguu kukiona. Mistari mitatu, mawe yamepangwa vizuri pande zote, maji yanapita chini yakinguruma na juu watoto wanapita na mabegi ya shule vichwani, hata hawayatazami maji. Nashon alichinja mbuzi, akahutubia kana kwamba kalavati zote tisa alizizaa yeye. Hakututaja. Barnabas alisimama kando yangu, akaniambia polepole, "Kimejengwa. Hiyo ndiyo tulitaka."

Nilifurahi na nikaona wivu, vyote pamoja, na sijui kipi kilikuwa kikubwa.

21 Novemba

Daraja letu la magogo limekwenda na maji. Rabuor sasa haina mahali pa kuvukia. Nimeandika barua mbili kwa karani wa baraza. Jibu ni kwamba fungu la mwaka limekwisha, na kwamba yapo mazungumzo ya fungu la dharura. Wiki hii tumeitwa vikao viwili kuyazungumza mazungumzo hayo, na posho ya vikao haijakosekana hata mara moja.

26 Novemba

Malaria kila nyumba. Vijana wanaojua kuogelea wamefunga kamba kutoka mti hadi mti na kwenda ng'ambo kutuletea dawa, lakini mgonjwa hawezi kuvushwa kwa kamba. Mmoja alivutwa na maji, akaokolewa akiwa nusu ya kufa. Nimewakataza. Hawanisikii, na kusema kweli nafurahi hawanisikii.

2 Desemba

Filister ana homa. Anasema ni uchovu.

5 Desemba, Ijumaa

Sijui nianzie wapi.

Jana asubuhi Filister hakuamka kupika uji. Nilimkuta anatetemeka, macho ya manjano, ananiita kwa jina la mama yake. Vidonge vilivyokuwapo tulikwisha kumpa. Tukamlaza juu ya kitanda chake cha kamba, vijana wanne wakakibeba mpaka mtoni, Dorine na mimi nyuma na mwavuli mmoja. Barabara ya kuzunguka kupitia upande wa Migori ilikatika Jumapili. Kulikuwa na Rabuor tu.

Mto ulikuwa umepanda hadi kwenye mikuyu. Kamba haikuonekana, ilikuwa chini ya maji. Ng'ambo, juu kidogo, paa la zahanati linaonekana, bati jeupe, na muuguzi alitoka akasimama pale akitutazama. Tulimpigia kelele, naye akatupigia kelele, mto ukala maneno yote. Akainua mikono, akaishusha polepole, tukaelewa: ngojeni maji yapungue.

Tukangoja. Vijana wakakata majani ya migomba wakamjengea kibanda. Adhuhuri maji yalipungua kidogo, kijana mmoja akaingia hadi kifuani, akarudi. Yakapanda tena.

Alasiri homa ilimwachia kidogo, akili ikamrudia. Akainua kichwa, akalitazama paa lile, kisha akanitazama mimi. "Zile kalavati," akasema, "zingekuwa hapa?"

Ningeweza kumwambia kwamba tatu zisingevusha mtu. Huo ni ukweli. Lakini yeye hakuulizia tatu. Alikuwa amesikiliza vizuri siku ile jikoni, alijua habari ya zamu na ya nani aanze. Nikamwambia, "Ndiyo, nyieka. Kama ningekataa Nashon aanze, labda zingekuwa hapa."

Nikafikiri atanilaani, na nilikuwa tayari. Akasema, "Na watoto wa kule wanavuka?"

"Wanavuka kila siku."

"Basi dai yetu," akasema. "Usinyamaze kama siku ile ya makofi."

Hakusema tena neno la maana. Alikata roho kabla jua halijashuka, kichwa chake mapajani mwangu, na muuguzi bado amesimama ng'ambo. Dorine alipopiga yowe, yule muuguzi akakaa chini.

Huyu mwanamke amenisahihisha miaka ishirini na saba. Nilidhani nitakapoachwa nitapumua. Sasa nyumba yake iko wazi mbele ya yangu na siwezi kuitazama.

10 Desemba

Tumemzika, upande wa kushoto wa nyumba yake, ndivyo mke anavyozikwa hapa. Watu wa kwao wote ni wa ng'ambo. Kaka yake Elkanah, mzee wa miguu mibovu, aliletwa ukingoni akakalishwa kwenye kiti, haonekani uso. Hakuweza kuja, na kwa desturi za hapa nduguye marehemu haanzi kuomboleza mpaka aikaribie nyumba ya msiba. Basi alikaa tu. Wakati wa mazishi walimrudisha.

Nashon na Barnabas walikuja, matope hadi magotini. Nashon alipopewa nafasi ya kusema, alisimama karibu na kaburi akasema zamu ni ya Rabuor, kalavati zinazofuata ni za Rabuor, watu wote wasikie. Maxwell naye akasimama. Akasema marehemu aliuawa na watu wanaogawa mali ya Rabuor, na akichaguliwa yeye, hakuna hata kokoto itakayotoka hapa tena. Watu waliitikia kwa nguvu. Dorine aliitikia. Nilimwona.

18 Desemba

Mvua. Kampeni. Maxwell anagawa sukari.

31 Desemba

Nimeshindwa. Si kidogo. Nashon amerudi, kivuko kimemrudisha. Barnabas amerudi bila kivuko, watu wake wanamwamini tu. Rabuor ni ya Maxwell.

Nililia kidogo. Baadaye nikaenda kukamua ng'ombe wa Filister, kwa kuwa Dorine hajarudi kuzungumza nami na ng'ombe hana kosa.

14 Januari 1998

Fungu la dharura limefika. Baraza jipya limekaa, na limenunua kalavati. Barnabas alipita nyumbani kunieleza. Tatu kwa kila wadi! Alisimama akapinga peke yake, wakamcheka kwa heshima.

Nikamuuliza Nashon alisema nini. "Alisema wapiga kura wake wanataka kivuko cha pili."

Fadhila ya punda. Nilisema mengine pia ambayo sitayaandika.

19 Januari

Barnabas ameleta kalavati zake. Alizileta mwenyewe, zimefungwa kwenye mikokoteni ya ng'ombe, watu wake wakisukuma kwenye matope. Mto wa kilimani bado hauna kitu, nao wanazika watu huko kama sisi. Nilimwambia, "Mzee, mimi si diwani tena. Maxwell ameapa hatatoa kitu. Ukiziacha hapa, nani atakulipa?"

"Mimi sikuahidiana na Maxwell," akasema. "Nilipeana mkono na wewe."

Akafungua kamba, akaomba maji ya kunywa, akaondoka. Sijawahi kuona aibu kama niliyoiona nikimpa yale maji.

21 Januari

Leo kalavati za Nashon zimekuja kwa trekta, na pamoja na zetu tatu sasa ni tisa. Waliozileta ni wazazi wa ile shule ya watoto wawili waliokwenda na maji. Walisikia Barnabas ametoa, wakaenda nyumbani kwa Nashon asubuhi wakasimama uani bila kuondoka. Nashon mwenyewe alikuwa juu ya trekta, anapunga mkono kana kwamba ni wazo lake. Nikampungia. Ahadi ni deni, hata ikilipwa na mdhamini.

26 Januari, Jumatatu

Maji yamepungua, na leo ilikuwa saga, kazi ya pamoja ya kujenga. Wanaume kuchimba, wanawake kubeba mawe kutoka machimboni. Fundi wa baraza alikuwapo. Kabla ya kuanza, Maxwell akapanda juu ya kalavati kuhutubia. Alishukuru Mungu, akajishukuru mwenyewe, kisha akasema, "Na sasa tumepata haki yetu. Kutoka leo, kitu ya Rabuor inabaki Rabuor. Hakuna kalavati itatoka hapa tena."

Mimi nilikuwa nyuma, jiwe kichwani. Nilifungua kinywa, lakini nani angemsikiliza nyar Kisii aliyeshindwa kura? Kabla sijatoa sauti, Dorine, aliyekuwa mbele kabisa, alitua jiwe lake na kulikalia.

"Dorine, nini?" Maxwell akauliza. "Umechoka na hatujaanza?"

"Sijachoka. Nataka kuuliza diwani. Sasa Barnabas atakula lini?"

"Barnabas ana wadi yake."

"Mimi nilikula Oktoba," Dorine akasema. "Nikanunua godoro. Nikikataa kumlipa wa mwisho, hawa akina mama wataingia kwa nyumba yangu wachukue hiyo godoro, na watoto walale chini. Na ni haki. Mama Filister alikufa hapa, nikimshika miguu. Huko kilimani mama ya mtu anakufa saa hii. Tukikula na tunyamaze, sisi ni watu wa aina gani?"

Akina mama wa nyoluoro wakatua mawe, mmoja baada ya mwingine, wakakaa. Wanaume wakaegemea majembe. Maxwell akatazama mawingu, akatazama fundi, aliyekuwa akitazama saa yake. Kila mtu aliona kwamba bila mawe hakuna kivuko, na bila kivuko hakuna diwani.

Akasema kalavati zinazofuata zitakwenda kwa Barnabas. Akina mama wa nyuma wakasema hawakusikia. Akasema tena, kwa sauti. Tukainuka tukabeba.

Nilimpita Dorine njiani. Akanishika mkono, akasema tu, "Mama, hilo jiwe ni kubwa kwako, nipe."

31 Januari

Kivuko kimekwisha. Mistari mitatu. Jioni nilisimama hapo nikatazama maji yakipita chini. Nilidhani nitafurahi.

2 Februari, Jumatatu

Leo nimevuka. Sikwenda sokoni wala zahanati. Nilikwenda kwa Elkanah, kwa kuwa hakuna aliyemweleza kwa mdomo jinsi dada yake alivyokufa.

Nilimkuta mlangoni. Nilimweleza yote, pamoja na swali la Filister na jibu langu. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Mwishowe akauliza, "Kama kivuko kingeanzia kwenu, angekuwa hai?"

"Nadhani angekuwa hai."

"Na kule kwa Nashon, mvua hii yote, kuna mtoto ameenda na maji?"

"Hakuna."

Akafikiri sana. "Hao watoto waliookoka hawajui kwamba ni wao," akasema. "Hata mama zao hawajui ni nani angekuwa." Kisha akasema, "Mimi ningekuwa wewe, singepeana. Nakuambia ukweli. Alikuwa dada yangu."

Nikasema, "Najua."

Akaomba fimbo yake. Mjukuu wake alimshika upande mmoja nami upande mwingine, tukashuka polepole, tukipumzika kila mahali. Tulipofika kwenye kivuko akasimama katikati, juu ya maji, akatazama kule kwetu, akaliona paa la nyumba ya Filister. Na hapo mzee akainua kichwa akaanza kulia kwa sauti kubwa, akimwita dada yake kwa jina, kama mtu aliyepata habari leo. Watu waliokuwa wakifua wakasimama. Kule nyumbani Dorine alisikia, akatoka mbio, akaitikia. Nikamshika Elkanah mkono, nikalia naye mpaka tukafika.